Bima na imani: ukuta wa darini ni wa nani?

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono baada ya ibada, akanivuta pembeni kivulini. "Mwanangu, wewe ni mzee wa kanisa, halafu kazi yako kuuza bima. Mtu anayemtegemea Mungu anaogopa nini mpaka akate bima?"

Swali hili nimeulizwa tangu nianze kazi ya uwakala, na silichukulii kama upinzani. Anayeuliza huwa na andiko: Mathayo 6, msisumbukie ya kesho. Nami naliamini andiko hilo. Ila Yesu pale anakataza mahangaiko, yale ya kumnyima mtu usingizi. Mkulima anayehifadhi mbegu za msimu ujao hajamkosea Mungu. Yusufu alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, na njaa ilipokuja watu wakala.

Andiko ninalolirudia zaidi ni Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta kuizunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za kule Israeli ya kale zilikuwa na paa bapa, ndiyo dari yenyewe, watu wakipanda kuanika vitu, kupumzika, hata kulala. Sasa jiulize, ukuta ule ni wa nani? Mwenye nyumba anaijua dari yake hata gizani. Ukuta ni wa mgeni.

Ndivyo ninavyoiona bima ndogo ya gari, ambayo sheria yetu Tanzania inamtaka kila mwenye gari awe nayo. Haitengenezi gari lako. Inamlipa uliyemgonga, au wale aliowaacha. Nilimtembelea hospitalini mama muuza ndizi aliyevunjwa mguu na gari ambalo stika yake ilikuwa imeisha miezi mingi nyuma. Mwenye gari, mtu wa sala kweli, alikuja na shilingi 70,000 kwenye bahasha, akapiga magoti, akaomba. Vyuma vya kuunga mfupa peke yake vilizidi fedha ile mara kadhaa. Sina shaka na sala yake. Nasema tu dari yake haikuwa na ukuta, na aliyeanguka ni mwingine.

Wapo wanaosema bima ni kamari. Hapana. Mcheza kamari anaitengeneza hatari ambayo haikuwapo. Bima inaikuta hatari tayari ipo. Ndiyo maana huwezi kuikatia bima nyumba ya jirani kisha usubiri iungue: lazima uwe na maslahi ya kibima, yaani hasara iwe yako kweli. Uingereza watu waliwahi kukatia bima maisha ya wengine kama dau, na Bunge likapiga marufuku mwaka 1774. Na fidia inalenga kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, basi.

Kanisa lenyewe lina mkono katika historia hii. Uskoti, mchungaji akifariki, mjane na watoto walitakiwa kuhama nyumba ya kanisa. Wachungaji wawili, Alexander Webster na Robert Wallace, wakakaa wakapiga hesabu za vifo na ndoa, wakisaidiwa na mwanahisabati Colin Maclaurin, na mfuko wa wajane ukaanzishwa kisheria mwaka 1744. Kila mchungaji alichangia kila mwaka akiwa hai.

Nilimuuliza mzee wangu daftari la kikundi chetu cha kufa na kuzikana analishika nani. Ni yeye. Mzee, hiyo nayo ni bima! Tofauti ni upana wake. Sisi wa mtaa mmoja, mafuriko yakija tunaloa wote siku ile ile, na hapo nani atamchangia nani? Mfuko mpana unakusanya watu wa mbali ambao hawakuloa.

Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaoishi kwa jumuiya zao na kushika maisha ya kizamani, wanaikataa bima kwa imani, na mwaka 1965 Bunge la Marekani liliwasamehe kuchangia mfumo wa hifadhi ya jamii. Nawaheshimu, kwa sababu banda la mmoja likiungua wanakuja wote na nyundo na mbao. Anayekataa bima kwa imani, awe na ndugu wa namna hiyo.

Jambo ambalo kweli linanisumbua ni fomu ya kuombea bima ya maisha. Dada mmoja wa kwaya, tulipofika kwenye swali la presha, aliniambia, "Kaka, weka hapana." Dawa zake zilikuwa mkobani, nimeziona. Nikamweleza kwamba dai likija na uongo ukagundulika, familia yake inaweza kukosa kila kitu. Na uongo ukipita, wanaoulipia ni wenzake waliosema kweli. Alikaa kimya kidogo. Tukaandika ndiyo. Ada ikapanda, akalipa.