Fomu ya ridhaa ya picha na sauti: mstari unaojazwa ovyo ndio unaoleta kesi

Malalamiko ya picha na video zilizotumika bila ruhusa yanazidi kufika kwenye dawati letu, na kinachoshangaza ni kwamba mengi yanakuja na fomu iliyosainiwa. Saini ipo, tarehe ipo, pengine hata muhuri. Anayelalamikiwa huiweka mezani kwa kishindo, kana kwamba shauri limekwisha. Kisha tunasoma mstari wa "matumizi" na kukuta neno moja la kalamu: "yote".

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tunaamini kwamba watayarishaji, mashirika na wapigapicha walio wengi wana nia njema. Maelezo haya ni ya jumla. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mwenye mgogoro tayari amwone wakili.

Tuondoe kwanza dhana moja tunayoisikia kila wiki: "Picha nimepiga mimi, ni yangu." Ni yako, ndiyo. Hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyepiga au ya mwajiri wake. Lakini sura iliyomo ina mwenyewe, na haki yake haikuhamia kwako kwa sababu ulibonyeza kitufe. Fomu ya ridhaa inahusu haki hiyo ya pili. Dhana nyingine inayofuatana nayo ni kwamba aliyetabasamu mbele ya kamera amekubali. Amekubali kupigwa picha. Kuchapishwa ni swali la pili, na kutumika kuuza bidhaa ni la tatu.

Suala hili si geni. Mwaka 1902, katika jimbo la New York nchini Marekani, msichana aitwaye Abigail Roberson alipoteza kesi baada ya picha yake kuchapishwa kwenye nakala zipatazo 25,000 za tangazo la unga bila yeye kuulizwa. Majaji wanne walimkatalia, watatu wakamuunga mkono. Uamuzi huo ulileta kelele nyingi, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria inayotaka ridhaa ya maandishi kabla jina au picha ya mtu aliye hai haijatumiwa kwa tangazo au biashara. Akiwa mtoto, ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi. Neno la kushika hapo ni "maandishi".

Siku hizi mzigo umeongezeka, kwa sababu picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Umoja wa Ulaya unatumia kanuni zake za ulinzi wa data tangu Mei 25, 2018. Kwa sheria ya Kenya na kanuni za Ulaya, anayetumia picha kwa msingi wa ridhaa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Mlalamikaji hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakukubali. Watu hufika na hoja "alete ushahidi kwamba alikataa", nasi hulazimika kuwaeleza upya kwamba wameushika mkia.

Adhabu nazo zijulikane, maana tunaulizwa kila siku. Kenya, faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka wa fedha uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Ulaya, kwa makosa makubwa, ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, kiasi kilicho kikubwa. Angalieni tofauti ya "kidogo" na "kikubwa", kwa sababu wengi huzisoma kinyume. Malalamiko yanayofikishwa kwa Kamishna wa Data wa Kenya hutakiwa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini ya shilingi milioni 4.55 dhidi ya shule moja iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Faini hailipi fidia. Mtu aliyeumia anaweza kudai fidia yake kando.

Sasa turudi kwenye ule mstari. Chukulia mwanamke aliyehudhuria mafunzo ya ushonaji. Mwandaaji aligawa fomu asubuhi, pamoja na karatasi ya mahudhurio, akasema "saini hapa na hapa". Mwanamke akapigwa picha akiwa ameinamia cherehani, nyuzi mdomoni. Miezi kadhaa baadaye picha ileile imo kwenye kipeperushi cha kuhimiza watu kupima magonjwa ya zinaa, na juu ya kichwa chake pameandikwa "Usiogope kujua hali yako". Hakuna aliyeandika kwamba anaumwa. Lakini majirani hawasomi kama wanasheria. Mwandaaji anaonyesha "matumizi: yote" na kuamini kwamba yuko salama.

Hayuko. Ridhaa inayotambuliwa na sheria hizi ni ya jambo mahususi, na inatolewa na mtu aliyeelezwa. Fomu pana kupita kiasi haiwi na nguvu zaidi. Inaonyesha tu kwamba hakuna lililoelezwa. Andika badala yake hivi: "Naridhia picha nilizopigwa kwenye mafunzo ya ushonaji ya tarehe fulani zitumike kwenye ripoti, tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii za shirika, kueleza kazi ya mafunzo hayo, kwa miaka 3. Zisitumike kwenye tangazo la bidhaa, wala kwenye mada ya ugonjwa, uhalifu, siasa au ukatili, bila kuniuliza upya kwa maandishi." Sentensi mbili. Anayesema hazitoshi nafasi kwenye fomu apunguze ukubwa wa nembo yake.

Eneo na muda navyo si mapambo. Mwaka 1986 mwanamitindo Russell Christoff alipigwa picha kwa ajili ya kampuni ya kahawa, kwa mkataba uliohusu matumizi ya Kanada. Mwaka 2002 alikuta uso wake kwenye chupa ya kahawa dukani, Marekani. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa zaidi ya dola milioni 15. Rufaa ikaitengua hukumu, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya California ilikuwa bado inajadili lini muda wa kushtaki ulianza kuhesabiwa. Kiini cha yote ni kwamba mtu alichukua picha kabatini bila kusoma fomu yake. Ukiandika "duniani kote na milele", jiulize kama kweli unahitaji, na kama uliyempa kalamu alielewa kwamba milele ni pamoja na baada ya kufa kwake.

Sehemu nyingine tutazipita haraka. Jina liwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anayepewa ridhaa awe mtu au taasisi inayojulikana, na kama atawapa wengine picha hizo, waandikwe ni akina nani au ni wa aina gani. Malipo yatajwe, na kama hakuna, isemwe hakuna. Fomu isomwe kwa lugha anayoielewa mwenye kusaini, na aliyemsomea au kumtafsiria aweke jina na saini yake pia. Kidole gumba bila shahidi kina matatizo ambayo hatutaki kuyarudia hapa. Fomu ya ridhaa isichanganywe na fomu ya usajili, ya mahudhurio au ya nauli. Mtu anayeogopa kukosa nauli hajaridhia kwa hiari. Nyumba, duka au ukumbi unaotambulika kwenye video unaweza kuhitaji fomu ya eneo, inayosainiwa na mwenye mamlaka juu ya mahali hapo. Mlinzi wa getini si mwenye mamlaka hayo.

Na habari je? Mwandishi anayepiga tukio la hadharani kwa ajili ya habari kwa kawaida hazungushi fomu, na sheria nyingi, ya Kenya ikiwemo, zina kifungu kinacholinda uandishi wa habari. Ulinzi huo hausafiri na picha. Siku picha ya habari inapohamia kwenye kalenda ya mdhamini, imekuwa tangazo. Bango la "eneo hili linarekodiwa" kwenye mkutano husaidia kwa picha ya umati. Halisaidii unapomtoa mtu mmoja kwenye umati huo na kumkuza hadi ukurasa mzima.

Watoto ni eneo lisilo na mzaha. Mzazi au mlezi husaini, na mtoto aliye na umri wa kuelewa aulizwe naye. Saini ya mzazi inaweza kumfunga mtoto kwa muda mrefu kuliko mzazi anavyodhani: mwaka 1983 mahakama ya rufani ya New York iliamua kwamba Brooke Shields, mwigizaji na mwanamitindo aliyekuwa na miaka 17 wakati huo, hawezi kuitengua ridhaa pana ambayo mama yake aliisaini alipokuwa na miaka 10. Mahali penye sheria za ulinzi wa data msimamo ni tofauti, lakini mzazi asisaini kwa matumaini hayo. Kwa mtoto aliyepatwa na madhila, sisi hushauri uso usionekane kabisa, fomu iwepo isiwepo.

Kuhusu kuondoa ridhaa, tunapata simu za pande zote mbili, na zote zinataka jibu moja la mkato. Kwa sheria ya Kenya na kanuni za Ulaya, mtu anaweza kuiondoa wakati wowote, na yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo hayageuki kuwa haramu. Kitabu kilichokwisha kuchapwa hakikusanywi madukani. Ukurasa wa mtandaoni hushushwa. Palipo na mkataba wa malipo, kama wa mwanamitindo, hesabu huwa nyingine na hutegemea masharti yake. Kwa hiyo fomu iseme ombi litumwe wapi na lishughulikiwe ndani ya siku ngapi, na anwani hiyo iwe ya ofisi. Namba ya simu ya mfanyakazi aliyeacha kazi si njia ya kuondoa ridhaa.

Fomu za zamani hazikuwaza akili mnemba. Kama mnataka kuifundishia programu sauti ya mtu, au kumtamkisha maneno ambayo hakuyasema, hilo liandikwe peke yake na lisainiwe peke yake. Kifungu cha "kuhariri na kurekebisha" kiliandikwa kwa ajili ya kukata kingo na kurekebisha mwanga, nasi hatukikubali kuwa ruhusa ya kumtengeneza mtu upya.

Mkija kwetu na shauri, leteni fomu halisi, picha kama ilivyotumika pamoja na maneno yaliyoizunguka, tarehe mliyoiona mara ya kwanza, na mawasiliano yoyote yaliyofuata. Picha ya skrini ionyeshe anwani ya ukurasa na tarehe. Watayarishaji nao waandike namba ya faili la picha kwenye fomu kabla mtu hajaondoka, na wabandike picha yake ndogo pembeni. Tumewahi kupokea bahasha ya fomu zaidi ya hamsini, zote zimesainiwa vizuri, na hakuna mtu ofisini kwao aliyeweza kutuambia ipi ni ya uso upi.