Sekunde 45 za Runinga, Dakika Tatu za Redio: Kuukuza Wimbo wa Kipindi cha Vichekesho

Wimbo wa kufungulia kipindi cha vichekesho ukipewa sekunde 45 umependelewa. Wimbo wa redio unataka dakika tatu na ushee. Mwandaaji akiombwa kuutoa wa kwanza kwenye runinga na kuuingiza redioni, njia ya mkato anayoikimbilia ni kunakili kiitikio mara nne na kukiunga. Msikilizaji anachoka kabla ya dakika ya pili, kwa sababu sikio lilishapewa kila kitu katika nusu dakika ya mwanzo.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni "I'll Be There for You" wa The Rembrandts, wimbo wa kipindi cha Friends kilichoanza Marekani Septemba 1994. Ulirekodiwa mfupi, haufiki dakika nzima. Kituo kimoja cha redio huko Nashville kikaukata na kuurudiarudia mpaka ukafika kama dakika tatu, na wasikilizaji wakawa wanauomba. Kuungaunga huko kulithibitisha kwamba watu wanautaka, lakini hakukutosha kutengeneza rekodi. Ilibidi bendi irudi studio, iandike ubeti wa pili na daraja (kipande chenye muziki tofauti kinachoturudisha kwenye kiitikio), kisha irekodi wimbo mzima. Mwaka 1995 uliongoza orodha ya nyimbo zinazopigwa redioni Marekani kwa wiki nane, na Uingereza ukafika nafasi ya 3. Ila kwenye orodha kuu ya jarida la Billboard haukuonekana wiki hizo, maana haukuwa umetolewa kuuzwa peke yake, na kanuni ya wakati ule ilidai hivyo. Ulipokuja kutolewa uliishia nafasi ya 17, joto likiwa limeshapungua. Kwa hiyo toleo refu liwe tayari kabla kipindi hakijaruka hewani, si baada ya watu kuanza kuuliza.

Tuhesabu. Chukua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kipimo cha mapigo manne. Kila kipimo ni sekunde 2.4. Toleo la runinga: vipimo 2 vya kufungulia, 8 vya nusu ubeti, 8 vya kiitikio, jumla 18, yaani sekunde 43.2. Hizo 1.8 zilizobaki ni za mwangwi wa noti ya mwisho kufifia. Ukizila, mhariri wa picha ataukata mkia wa wimbo na utasikika kama umeme umekatika.

Toleo la redio: vipimo 4 vya kufungulia, ubeti wa kwanza 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 16, kiitikio 8, daraja 8, kiitikio mara mbili 16, kufungia 4. Jumla 80, sawa na dakika 3 na sekunde 12. Wanaofupisha hukata daraja, nami naona hapo ndipo wanapouua wimbo. Kama wimbo uko kwenye ufunguo wa G na gitaa limezunguka kodi (noti zinazopigwa pamoja) za G, C na D tangu mwanzo, anzia daraja kwenye kodi ya Em, na kipimo chake cha mwisho kaa kwenye D bila kuhama. Kiitikio kikirejea kwenye G kinasikika kipya, ingawa hujabadilisha hata noti moja.

Ubeti wa pili una kazi yake. Nusu ubeti wa runinga unataja hali: jirani, kodi ya nyumba, kijiwe. Wa pili ujibu "kisha ikawaje?" Na usitaje majina ya wahusika. "Welcome Back" wa John Sebastian, uliofika namba moja Marekani Mei 1976, haumtaji Kotter, mhusika mkuu wa kipindi chake, popote. Kipindi ndicho kilichobadilisha jina kikawa Welcome Back, Kotter ili kiendane na wimbo. Asiyekijua kipindi aliusikia tu kama wimbo wa mtu aliyerudi alikotoka.

Sasa mkazo wa maneno, na hapa nyimbo zetu nyingi huanguka. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari "Karibu kijiweni" una silabi saba, na mikazo iko kwenye RI na WE. Kila silabi ikichukua nusu pigo, ukianza "ka" juu ya pigo la kwanza, "ji" ndiyo itakayoangukia pigo la tatu, ambalo lina nguvu, na WE itaning'inia katikati ya mapigo. Mwimbaji atasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Itangulize "ka" kabla ya pigo la kwanza: RI itakaa juu ya moja, WE juu ya tatu, na kila kitu kitatulia. Salamu ya Kihehe "kamwene" inaimbika kwa njia hiyohiyo: "ka" itangulie, MWE ikae juu ya pigo. Kwa kipindi cha Iringa ni ndoano nzuri sana, haihitaji tafsiri, na vokali zake ziko wazi.

Kurekodi. Matoleo yote mawili yarekodiwe sesheni moja. Ukirekodi fupi Julai na refu Desemba, hayaungani. Asubuhi ya baridi ya Julai nyuzi za chuma za gitaa hujikaza na sauti hupanda. Chumba kikipata joto mchana zinalegea na sauti inashuka. Pima kwa tyuna, noti ya A ikiwa hezi 440, kabla ya kila mchukuo. Iringa, kuanzia Novemba hadi Aprili kuna mvua juu ya mabati. Maikrofoni ya kondensa itaibeba yote, hivyo tumia ya dainamiki, mdomo ukiwa sentimita 5 hadi 10, na blanketi nzito nyuma ya mwimbaji. Andika umbali huo pamoja na jina la maikrofoni. Ukirudi kurekebisha mstari mmoja utavihitaji.

Fungua sesheni kwenye kilohezi 48 (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, kwa maelfu), kiwango cha video. Sauti ya 44.1 ikichezwa kwa 48 bila kubadilishwa huenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda kama nusutoni moja na nusu, na wengi hudhani mwimbaji ndiye aliyekosea.

Masta, yaani nakala za mwisho, ziwe mbili. Kiwango cha utangazaji cha Ulaya ni LUFS -23 (LUFS hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Kiulize kituo chako kinataka ngapi. Ya mtandaoni iwe karibu -14. Kisha sikiliza miksi kwa spika moja tu, kama ya runinga ndogo au simu. Ukiwa umetanua gitaa kwa kifaa cha kupanua stirio, linaweza kupotea kabisa pande mbili zikiunganishwa. Bezi iliyo chini ya hezi 60 nayo haitasikika humo: iongezee sauti ya oktavu ya juu, kwa kiasi kidogo.

Mgawanyo wa haki uandikwe kwa asilimia na kutiwa saini kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Wimbo wa Friends una waandishi sita. Aliyeandika daraja baadaye naye ni mwandishi, hivyo toleo refu linahitaji karatasi yake, na yote mawili yasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa majina tofauti: "toleo la runinga" na "toleo kamili".