Mto uliolala ukiamka

Mito inayoingia hori za Mombasa, yaani mikono ya bahari iliyopenya nchi kavu, ni ya msimu. Kombeni na Tsalu humwaga hori ya Tudor, Mwache huteremka kutoka pande za Kinango hadi hori ya Port Reitz. Kiangazi kikikaza, watu huniambia mto umekufa. Mimi nasema umelala tu, na ukilala sisi hatulali: mafuta ya gereji, samadi, maji ya choo yanayovuja, mifuko, vyote hujikusanya mferejini.

Ndiyo maana sampuli ya maji ninayoithamini ni ya mvua ya kwanza ya vuli, saa ile ya mwanzo. Iache chupa mezani nusu saa. Mchanga hutuama chini, tope hukaa juu yake, lakini maji yenyewe hubaki rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu chembe za mfinyanzi ni laini mno, haziko tayari kuzama. Hizo ndizo huziba mwanga majini.

Kisha huja suala la pumzi. Bakteria wakila uchafu hutumia oksijeni, na maji yenye joto hushika oksijeni kidogo tangu mwanzo: maji matamu ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9.1 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.6. Usiku mimea ya majini nayo huvuta bila kutoa, hivyo hali huwa mbaya zaidi karibu na alfajiri. Mkizi wakionekana saa hizo wakipiga midomo juu ya maji, hawatafuti chakula.

Kuna na bahati ya mwezi. Mvua ikikutana na bamvua, siku za mwezi mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na uchafu mwingi husukumwa nje. Ikikutana na maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, uchafu hukaa horini siku kadhaa.

Naulizwa sana: mkosaji ni sisi au hali ya hewa? Nenda Mwache. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kiasi cha kufukia mizizi ya mikoko, na miti mingi ikakauka imesimama. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza topeni. Ukivifukia umemziba pua. Mvua ilitoka mbinguni, ndiyo, lakini udongo ule ulitoka kwenye miteremko iliyokwisha kukatwa miti na kulimwa hadi ukingoni. Siwezi kuyatenganisha mawili hayo, na sitajaribu.

Kinachoniuma ni jambo dogo. Mikindani, hapa Mombasa, nimeona mfereji ukizibuliwa kabla ya mvua, kazi nzuri, vijana wametoka jasho. Taka zikarundikwa palepale mdomoni mwa mfereji, zikingoja gari. Gari halikuja. Mvua ilikuja usiku, na asubuhi rundo lote lilikuwa limerudi ndani, limeshafika kwenye mikoko.