Wali mweupe wa Japani ulitoka shamba la nani?

Sisi tuna mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini. Wajapani nao wana majina matatu: ine, kome, gohan. Tena gohan ni jina la mlo wenyewe, hata kama mezani pana mkate mtupu. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa historia ya chakula huja darasani wakiamini kwamba Mjapani amekula wali mweupe tangu enzi na enzi. Somo langu la kwanza ni kuwaondolea imani hiyo.

Kwa karne nyingi wakulima wengi wa Japani walilima mpunga wakautoa kama kodi, wao wakabaki na shayiri, uwele na viazi, au wali uliochanganywa na vitu hivyo. Wali mtupu, mweupe, ulikuwa wa sikukuu, wa wakubwa na wa watu wa mijini. Aliyeufikisha kwa mtoto wa mkulima ni jeshi. Baada ya sheria ya mwaka 1873 ya kuandikisha vijana, askari alipimiwa takriban gramu 900 za mchele uliokobolewa kila siku. Kijana aliyekulia kwenye shayiri sasa alikula wali hadi akashiba, leo na kesho.

Weupe ule uliua watu. Ukikoboa sana unaondoa wishwa, na vitamini B1 inakwenda nayo. Ndipo inapokuja beriberi, miguu inavimba na moyo unashindwa kazi. Mwaka 1883 manowari Ryujo ilikuwa na wagonjwa 169 kati ya mabaharia 376 katika safari moja, 25 walikufa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, akabadilisha chakula, akaingiza nyama na baadaye shayiri, na ugonjwa ukakaribia kwisha. Jeshi la nchi kavu likakataa kumfuata, madaktari wake wakishikilia kwamba ni maradhi ya vijidudu. Katika vita na Urusi vya 1904–05 beriberi ikawaua maelfu ya askari wake. Nimezisoma habari hizi mara nyingi na bado zinaniuma, maana kinga ilikuwa imekwisha kupatikana humo humo nchini.

Waliorudi kutoka jeshini hawakutaka tena shayiri. Miji ikakua, bei ya mchele ikapanda. Julai 1918 wanawake wa vijiji vya wavuvi mkoani Toyama walizuia mchele usipakiwe melini. Ghasia zikaenea nchi nzima, na Septemba serikali ya waziri mkuu Terauchi Masatake ikaanguka. Watawala wakageukia makoloni yao, Korea na Taiwan. Mwaka 1920 ulianzishwa mpango wa kuongeza mavuno ya mpunga Korea. Taiwan, ambako mchele wa kienyeji haukuwapendeza walaji wa Tokyo na Osaka, wataalamu wa kilimo waliizoesha mbegu ya Kijapani, yenye punje fupi zinazoshikana, kuota katika ardhi ya kisiwa hicho. Mwaka 1926 mchele huo ukapewa jina la horai.

Korea ilivuna zaidi, lakini mchele uliosafirishwa kwenda Japani uliongezeka kwa kasi kuliko mavuno, kwa hiyo Mkorea akala wali kidogo kuliko zamani. Pengo likazibwa kwa uwele ulioagizwa kutoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Chakula ambacho mkulima wa Japani alikuwa ameanza kukiacha kilihamia kwa mkulima wa Korea, na wali ukaitwa chakula cha asili cha Mjapani.

Dola ya Japani ilipovunjika mwaka 1945, Wajapani kwa mamilioni walirudi kutoka ng'ambo na ladha walizozoea huko. Kawahara Toshio, mzaliwa wa Busan huko Korea, alifungua duka katika mji wa Fukuoka, Japani, na mwaka 1949 akaanza kuuza mayai ya samaki yaliyokolezwa pilipili, akikumbuka chakula cha utotoni mwake. Yanaitwa mentaiko, na ndani ya jina hilo mna myeongtae, jina la Kikorea la samaki huyo. Leo huliwa juu ya wali mweupe wa moto, na msafiri anayetoka Fukuoka huwabebea wa nyumbani kama zawadi ya mji.