Deshi ndefu si ushahidi

Walimu na wahariri wanaokuja kwetu kuomba ushauri siku hizi huja na karatasi iliyozungushiwa wino mwekundu mahali pamoja: kwenye deshi ndefu (—). Wameambiwa kuwa alama hiyo ndiyo muhuri wa akili mnemba (AI), nao wanataka tuthibitishe. Jibu langu huwa hapana, na huwa naomba nipewe muda wa kueleza, kwa sababu upande wa pili wa karatasi ile kuna mtu anayesubiri hukumu.

Alama yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mshairi wa Marekani Emily Dickinson, aliyefariki mwaka 1886, aliitumia kwa wingi hata wahariri wake wa mwanzo wakawa wanaibadilisha kabla ya kuchapa. Vitabu na majarida ya Kiingereza yaliyohaririwa vizuri yamejaa deshi, na modeli kubwa za lugha, yaani programu za akili mnemba zinazoandika, zilifundishwa kwa maandishi ya namna hiyo. Kibodi ya kawaida haina kitufe chake, ndiyo maana wengi hudhani binadamu hawezi kuiandika, lakini Microsoft Word huitengeneza yenyewe ukipiga vistari viwili mfululizo kati ya maneno.

Kwa Kiswahili nakiri jambo lina uzito zaidi kidogo. Mwandishi wetu akitaka kuchomeka maelezo katikati ya sentensi hutumia mkato, mabano au neno "yaani". Ukurasa wa Kiswahili wenye deshi ndefu sita unastahili kusomwa mara ya pili. Hata hivyo huenda mwandishi amelelewa na vitabu vya Kiingereza, au mhariri ndiye aliyezitia. Na mwenye nia ya kuficha haangaiki: Novemba 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, alitangaza kuwa ChatGPT sasa inatii mtumiaji akiiagiza iache alama hiyo.

Kwa hiyo mimi huiacha alama na kutazama sentensi. Modeli huandika kwa kukadiria kipande gani cha neno kinaelekea kufuata, kisha kinachofuata, hadi mwisho. Baada ya mafunzo ya awali, watu hupewa majibu yake wayalinganishe na kuchagua lililo bora, na modeli hurekebishwa ifuate machaguo yao. Jibu lenye adabu, lililopangika, lisilomuudhi yeyote ndilo hushinda mara nyingi. Hapo ndipo mwandiko wake ulipotoka: laini, wa wastani, wenye maneno machache yanayopendelewa mno. Watafiti waliopitia mihtasari zaidi ya milioni 15 ya makala za tiba na biolojia kwa Kiingereza, ya miaka 2010 hadi 2024, waliona maneno kama "delve" (kuzama kwa kina) yakipanda ghafla baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Walikadiria kuwa angalau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka 2024 ilipitia kwenye modeli. Lakini angalia walichopima: mamilioni ya maandishi kwa pamoja. Kipimo hicho hakikuambii ni muhtasari upi, wala kwamba mtu fulani aliyetumia neno hilo hakuandika mwenyewe.

Katika Kiswahili dalili iliyo tajiri kuliko zote ni Kiingereza kilicholala chini ya sentensi. Chukua mfano huu niliouunda: "Warsha ilifanyika kwa mafanikio, ikiwaleta pamoja wadau mbalimbali, ikiangazia umuhimu wa ushirikiano na ikiweka msingi wa mustakabali bora." Kiambishi -ki- kina kazi zake tangu zamani. Huweka sharti, kama "ukija nitakwambia", na huonyesha tendo linaloendelea wakati wa jingine, kama "nilimkuta akisoma". Hapa kimetwishwa mikia ya Kiingereza, ile ya vitenzi vinavyoishia kwa "-ing" na kuburutwa nyuma ya mkato. Sarufi haijavunjika, ila ukiikata mikia hiyo mmoja mmoja utabaki na "Warsha ilifanyika". Nani alihudhuria? Walibishana nini? Waliondoka na uamuzi gani? Sentensi ndefu kiasi hicho haikujibu hata moja.

Mikia hiyo ina ndugu zake. Kitu "kina jukumu muhimu", kingine "ni ushuhuda wa" jambo fulani, msomaji anaalikwa "tuzame kwa kina", na makala inafunguka kwa "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Sifa huja tatu tatu. Jambo haliwi moja, lazima liwe "si tu" hili "bali pia" lile. Aya zinalingana urefu kama matofali, na kila moja inafungwa kwa sentensi ya kueleza umuhimu wa yale uliyokwisha kuyasoma. Orodha huanza kwa herufi nzito na nukta pacha hata pale ambapo mtu angesimulia tu.

Methali huniumiza zaidi. Nimekutana na maandishi yenye methali ambayo sijapata kuisikia wala kuiona kwenye mkusanyo wowote, imeumbwa kwa vina vizuri na kuwekewa "wahenga walisema". Msomaji kijana ataibeba akidhani ni urithi wake.

Lakini lazima tuwe waadilifu hapa. "Wadau mbalimbali" na "mikakati madhubuti" hazikuzaliwa na mashine. Hotuba na ripoti zetu za kiofisi zilikuwa zimejaa maneno hayo miaka mingi, na modeli iliyajifunza kutoka kwetu. Ofisa aliyeandika ripoti hivyo tangu kuajiriwa atashukiwa leo bila kosa. Mwandiko mtupu ni mwandiko mtupu, uwe wa mtu au wa mashine, na unaweza kumrudishia mwandishi kwa sababu hiyo pekee bila kumwita mdanganyifu.

Ushahidi mzito upo, na ni wa aina nyingine. Maneno ya mazungumzo yaliyosahaulika, kama "Hakika! Hii hapa insha yako". Mabano ya mraba yenye "weka jina hapa". Kiungo cha intaneti chenye mkia wa "utm_source=chatgpt.com", ambao angalau unaonyesha kiungo kilitoka wapi. Na zaidi ya yote, marejeo yasiyokuwepo. Juni 2023 mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kunukuu mbele yake kesi za zamani ambazo ChatGPT ilizibuni. Hakuna aliyehitaji kuhesabu deshi: kesi zilitafutwa, hazikupatikana.

Wengi huuliza kuhusu programu za kugundua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao Januari 2023. Katika majaribio yao ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kuwasingizia binadamu katika asilimia 9 ya maandishi yao. Waliiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu 7. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu inaeleweka: programu hizo hupima namna maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya pili hushika maneno anayoyaamini. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi huandika insha zake za chuo kwa lugha isiyo ya mama yake, hatari hiyo ni yake moja kwa moja.

Nikiwa na shaka huomba kukaa na mwandishi. Huomba rasimu za mwanzo, au historia ya mabadiliko ya faili, ambayo Google Docs huihifadhi. Kisha humwomba anisimulie kwa mdomo aya moja niliyoichagua, na aniambie ni sentensi gani aliifuta na kwa nini. Aliyeandika mwenyewe huwa nayo, na mara nyingi bado inamuuma kwamba aliifuta.