Mshahara unaoingia Nairobi nao hutozwa kodi Lisbon, na mengine mnayodanganyana

"Mteja wangu yuko Marekani, hela inaingia akaunti yangu ya Nairobi. Sasa Ureno inanihusu nini?"

Swali hili nalipata karibu kila wiki, mara nyingi kwa sauti ndefu ya WhatsApp, na anayeuliza huwa tayari ana jibu lake kichwani. Anachotaka ni mimi niitikie. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za kodi za watu wanaofanya kazi kwa mtandao wakiwa Lisbon, wengi wao wametoka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Siitikii.

Ukishakuwa mkazi wa Ureno kikodi, Ureno inatoza mapato yako yote, popote yalipotoka na popote yalipoingia. Mkazi ni yule aliyekaa zaidi ya siku 183 ndani ya kipindi cha miezi 12, mfululizo au kwa vipande. Hata aliyekaa pungufu anaweza kuhesabiwa mkazi, ikiwa ana nyumba pale na mazingira yanaonyesha ndiyo makao yake. Sheria haiulizi benki yako iko mtaa gani. Kazi huhesabiwa kufanyika pale ulipokaa wewe na kompyuta yako. Kama meza yako iko Arroios, mtaa wa Lisbon, kazi imefanyika Arroios, hata pesa zikipitia M-Pesa.

Wengine hujificha nyuma ya NIF, ile namba ya mlipakodi. Wengi huipata wakiwa bado kwao, ikiwa na anwani ya nje, kwa hiyo kwenye mfumo wa Finanças, mamlaka ya kodi ya Ureno, wanasomeka si wakazi. Mtu anahamia, anapanga nyumba, mwaka unakatika, anwani hajabadilisha. Nikimuuliza ritani yake iko wapi, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Lakini kwenye mfumo mimi si mkazi." Ukazi wako unaamuliwa na maisha unayoishi. Anwani ya zamani inaonyesha tu kwamba hukutoa taarifa.

Najua uvumi huu kwamba Ureno haikati kodi unatoka wapi. Chanzo cha kwanza ni ule mpango wa kodi kwa wakazi wapya, NHR, ulioanza mwaka 2009. Ulimpa mgeni miaka 10 ya unafuu: asilimia 20 tu kwa mapato ya taaluma zilizoorodheshwa, na misamaha kwa aina nyingi za mapato ya nje. Wageni wapya walifungiwa mlango mwishoni mwa 2023, ukabaki mwanya mdogo wa mpito kwa waliokuwa wameshaanza safari. Uliokuja badala yake, IFICI, unalenga watafiti, ubunifu na ajira maalumu zenye masharti mengi; wewe unayetengeneza tovuti za mteja wa Texas usiuwekee matumaini. Ila aliyeingia NHR mwaka 2021 bado anakula unafuu wake hadi 2030, na ndiye huyo mnayetazama video zake. Hasemi uongo. Anaeleza nchi ambayo wewe hukuikuta.

Chanzo cha pili ndicho kinachonichosha zaidi, maana kimejificha ndani ya hesabu zenyewe. Chukua mtu aliyejiajiri, anatoa zile risiti wanazoziita recibos verdes, anaingiza euro 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka. Kwenye utaratibu wa hesabu rahisi, huduma nyingi za kitaaluma huhesabiwa kodi kwa asilimia 75 ya mapato, ambayo kwake ni euro 31,500. Lakini mwaka wa kwanza wa shughuli sehemu hiyo hukatwa nusu, inabaki 15,750. Mwaka wa pili hukatwa robo, inabaki 23,625. Hiyo ni iwapo hana mshahara wa kuajiriwa au pensheni katika miaka hiyo. Mwaka wa tatu inarudi 31,500 nzima, na hapo viwango vya kodi ya mapato hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 48 kwa wenye vipato vikubwa.

Sasa ongeza hifadhi ya jamii. Takriban miezi 12 ya mwanzo hulipi kitu. Baada ya hapo unalipa asilimia 21.4 ya asilimia 70 ya mapato yako. Kwa huyu mtu wetu ni kama euro 524 kila mwezi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza anaona kodi ndogo, hifadhi ya jamii hakuna, anawapigia wenzake simu: "Njooni, Ureno hawakati." Mwaka wa pili zile 524 zinaanza kuondoka mwezi kwa mwezi, naye ananipigia mimi, kana kwamba nimezitunga.

Halafu kuna hili ambalo hawanisikilizi hata nikipiga kelele: unafuu wa mwaka wa kwanza unafuata kalenda ya kodi, haufuati tarehe yako ya kuanza. Ukifungua shughuli Finanças mwezi Novemba, "mwaka wako wa kwanza" umekwisha Desemba 31. Nusu nzima ya unafuu umeitumia kwa miezi miwili ya risiti. Kama huna ulazima wa kutoa risiti kabla ya mwaka mpya, fungua Januari. Nimelisema hili mpaka wateja wangu wanalimalizia kabla sijafika mwisho, na bado kila Desemba yupo aliyefungua wiki iliyopita.

Walioajiriwa nao wana lao: "Mimi nakatwa PAYE nyumbani, nimemaliza." Hujamaliza. PAYE uliyokatwa Kenya au Tanzania haikuondolei wajibu wa kujaza ritani ya Ureno, ile Modelo 3, kati ya Aprili 1 na Juni 30. Mwajiri ambaye hayupo Ureno hakukatii kodi ya Ureno, kwa hiyo deni linakusubiri lote kwa mkupuo. Ongea na mwajiri wako kabla ya kuhama, maana kuwa na mfanyakazi kule kunaweza kumletea na yeye wajibu wa hifadhi ya jamii ambao hakuupanga.

"Lisbon ni mji wa bei rahisi." Kahawa ni rahisi. Usafiri ni rahisi kweli: pasi ya mwezi ya Navegante ni euro 30 kwa mji wenyewe na 40 kwa eneo zima la jiji na vitongoji vyake, treni, basi na kivuko ndani. Intaneti ya faiba ni nzuri na haina mbwembwe. Nyumba ndiyo inayokula mshahara. Kima cha chini cha mshahara Ureno mwaka 2025 kilikuwa euro 870, na T1 ya mjini, yaani ya chumba kimoja cha kulala na sebule, kwa bei zinazotangazwa huvuka hapo bila aibu. Mwenye nyumba atataka mdhamini wa Kireno ambaye huna, au miezi kadhaa ya pango mbele. Mimi huwaambia watazame ng'ambo ya mto, Almada, uvuke kwa kivuko kutoka Cacilhas hadi Cais do Sodré, au reli ya Sintra, Amadora na kuendelea, ambako Waafrika wamejaa na fuba ya mahindi ya kusongea ugali inapatikana dukani. Lakini popote utakapopanga, mkataba usajiliwe Finanças. Mwenye nyumba anayekuambia "tusisumbuane na makaratasi" anakwepa kodi yake kwa kutumia makazi yako.

"Kule ni jua tu, acha majaketi." Nje, ndiyo, mara nyingi. Tatizo liko ndani. Nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, madirisha ni ya kioo kimoja, na kuanzia Novemba mvua inaleta unyevu unaoingia hadi kwenye mashuka. Utakaa kwenye Zoom umevaa koti ndani ya nyumba yako mwenyewe. Ukienda kuangalia nyumba, sogeza kabati uone ukuta wa nyuma yake. Ukikuta madoa meusi, au rangi mpya imepakwa hapo tu, ondoka. Na ukishapata nyumba, nunua mashine ya kunyonya unyevu kabla hujanunua meza ya kazi.

"Nitaingia kwa viza ya utalii, nibadilishie hukohuko." Njia ambayo watu waliizoea, ya kuingia, kupata kazi kisha kuomba ukazi ukiwa ndani, ilifungwa Juni 2024. Viza ya wafanyakazi wa mtandao, D8, ilianza Oktoba 2022 na huombwa kabla ya kuondoka, ukiwa na uthibitisho wa kipato cha mara nne ya kima cha chini; kwa 2025 hiyo ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, nayo husogea kima cha chini kinapopanda. Usiichanganye na D7, ambayo ni ya wenye pensheni, pango na gawio. Ukifika, kadi ya ukazi ni shughuli ya AIMA, idara ya uhamiaji iliyochukua nafasi ya SEF Oktoba 2023 na kurithi mafaili ya mamia ya maelfu ya watu. Weka akiba ya subira.

"Nikipata kadi ya Ureno naweza kuhamia Berlin." Kutembea siku 90 katika kila 180, sawa. Kuhamia na kufanya kazi, hapana.

"Saa zao na zetu ni karibu sawa." Hii inategemea nani anakulipa. Majira ya baridi Lisbon iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa tatu, majira ya joto kwa saa mbili. Kikao cha saa tatu asubuhi cha ofisi ya Nairobi ni saa kumi na mbili kwako mwezi Januari, na jua litachomoza karibu saa mbili. Mwenye mteja New York ndiye anayefaidi: saa tatu asubuhi ya New York ni saa nane mchana Lisbon, wakati aliyebaki Nairobi anaianza jioni, akamalize usiku. Kama timu yako yote iko Nairobi, waulize kwanza kama kikao cha asubuhi kinaweza kusogezwa hadi saa tano, na uwaulize kabla hujasaini pango.