Kwenda Unguja na watoto kutoka Lubumbashi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Saa nne asubuhi, kijana wangu wa miaka saba alitoka mbio chumbani kule Jambiani, taulo begani, akasimama penye mnazi wa mwisho. Mbele yake palikuwa na mchanga mbichi, vidimbwi, ngalawa mbili zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa povu. Akageuka kuniangalia. "Papa, maji wameyapeleka wapi?"

Usiku wa jana yake tulilala tukisikia mawimbi karibu na dirisha, na mimi nilikuwa nimelipia chumba "mbele ya bahari". Sikuwa na jibu. Mama mmoja aliyepita na gunia la mwani kichwani ndiye aliyemjibu: "Yamekupwa, mwanangu. Alasiri yatakuwa yashajaa." Akaendelea na safari yake.

Tangu siku hiyo, kila jirani wa hapa Lubumbashi, Kongo, anayeniambia anataka kuwapeleka watoto Zanzibar kwa vakansi namuomba tukae kwanza. Mambo mengi tunayoambiana hapa kuhusu kisiwa kile yanatokana na kalenda yetu na maziwa yetu, na kisiwa hakifuati hata kimoja kati ya hivyo.

"Bahari ni kama Tanganyika, tofauti ni chumvi tu"

Maji makubwa tunayoyajua wengi wetu ni Ziwa Tanganyika pale Moba na Kalemie, au Ziwa Mweru pale Pweto na Kilwa ya kwetu Katanga. Ziwa unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa kupishana saa sita hivi, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji yaliyojaa saa kumi jioni leo, kesho yatajaa karibu na saa kumi na moja. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua, maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikifika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ni ndogo.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, Michamvi, ina mwamba wa matumbawe mbali na ufuko, na kati yake sakafu ya bahari ni kama uwanja. Maji yakipwa wakati wa bamvua, kuna mahali yanakwenda hata zaidi ya kilomita moja. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, sakafu inashuka haraka, kwa hiyo mtoto anaweza kuoga karibu saa yoyote. Anayetaka watoto wake wakae majini siku nzima aende kaskazini. Mashariki panamfaa anayependa kutembea na kuangalia maisha ya watu, maana maji yakipwa ndipo akina mama wanaposhuka kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti vimepangwa kwa mistari na kamba zimefungwa vishada. Watoto wangu walikaa pale asubuhi nzima wakiuliza maswali, na hakuna aliyekumbuka kuoga.

Yapo mambo mawili ya usalama ambayo hayaandikwi kwenye picha za hoteli. La kwanza, usiwaache watoto wafuate maji mbali bila mwenyeji, kwa sababu yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na unajikuta uko kisiwani katikati ya bahari. La pili, nunua viatu vya mpira kwa kila mtu. Kwenye matumbawe wanakaa wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba wake ukivunjikia ndani ya unyayo wa mtoto, safari imeharibika. Kabla ya kulipia chumba popote, omba wakutajie saa za maji kujaa kwa tarehe zako. Mtu wa pwani atakujibu hata bila kutazama karatasi, kwa kuhesabu siku za mwezi.

"Mei ni kiangazi, bei ni nafuu, twende"

Hapa kwetu mvua hukatika Aprili, na Mei anga ni safi. Unguja mambo ni kinyume. Machi hadi Mei ni masika, na Aprili na Mei ndicho kilele chake. Hoteli kadhaa za mashariki hufunga kabisa. Bei nafuu unayotangaziwa ni bei ya mvua. Vuli, mvua fupi, huja karibu na Oktoba hadi Desemba.

Bahati nzuri, likizo kubwa ya shule zetu, Julai na Agosti, inaangukia kwenye kipupwe, wakati kisiwa kina ukavu na upepo wa ubaridi kidogo. Ubaridi wa kule usiufananishe na Julai ya Lubumbashi inayoshuka chini ya nyuzi 10 usiku. Sweta moja ya kwenye boti inatosha, mengine yaacheni. Ila huo ndio msimu wa Wazungu pia, kwa hiyo vyumba huwa ghali na hujaa mapema. Na upepo wa msimu huo ni kusi, unaopiga kutoka kusini na kuichafua bahari ya mashariki. Vivuko vya Dar huyumba, na mtoto mwenye tumbo jepesi atatapika. Kaeni katikati ya chombo, nyuma kidogo, na msimpe chai ya maziwa asubuhi hiyo.

Kuna zawadi moja ya Julai ambayo familia za Lubumbashi hazijui. Makunduchi, kusini kabisa, husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi ya Washirazi, mwezi huo wa Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mgeni anakaribishwa, na kwa kawaida yao kumpokea mgeni siku hiyo ni baraka.

"Kisiwa ni kidogo, siku moja mnakizunguka"

Hili niliuziwa mwenyewe na wakala mmoja wa hapa mjini. Alituandikia hoteli tano kwa siku saba. Siku ya tatu binti yangu mdogo alilia akisema anataka kulala mahali alipoamkia. Nikafuta zilizobaki, na pesa haikurudi.

Unguja ina urefu wa kama kilomita 85, na panapopanuka zaidi hazifiki 40. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, hadi Paje kama 50. Kwenye karatasi hiyo ni mbio ya asubuhi. Barabarani kuna ng'ombe, wanafunzi, vizuizi vya polisi na mwendo mdogo wa kupita vijijini, kwa hiyo hesabu saa moja hadi moja na nusu, kisha ongeza muda wa watoto. Ushauri wangu kwa familia ya usiku nane: usiku tatu Mji Mkongwe, usiku tano ufukweni, mahali pamoja. Mengine yote yafanyike kwa kwenda na kurudi.

Jozani iko njiani kuelekea Paje, kwa hiyo msiifanyie safari ya peke yake, pitieni mnapohama. Ndiko wanakoishi kima punju, nyani wadogo wenye mgongo mwekundu wasiopatikana popote duniani nje ya Zanzibar, na wanakaa karibu sana na watu. Mtoto asiwaguse wala kuwapa ndizi. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni nusu siku kutoka mjini: pale mtoto anavunja jani la mdalasini na kulinusa, anaona karafuu ikiwa bado tumba la kijani, anakata pilipili manga mbichi kwa meno na kukunja uso. Kati ya vitu vyote tulivyolipia, hicho ndicho walichosimulia shuleni.

Kuhusu gari, kumbukeni kule wanaendesha kushoto, na leseni yetu peke yake haitoshi, lazima kibali cha pale. Mimi nachukua dereva. Daladala ni nafuu, nambari 116 inaenda Nungwi na 309 Jambiani, lakini ukiwa na watoto watatu na masanduku utateseka.

"Kongo imo Afrika Mashariki, karatasi za nini tena?"

Kongo ilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, hilo ni kweli. Lakini hata hivyo wewe ni mgeni mwenye pasi ya nchi nyingine. Kwenye kivuko kuna nauli ya wakaazi na nauli ya wageni, na utalipa ya wageni. Kila mtoto awe na pasi yake, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, mwingine abebe barua ya ruhusa iliyothibitishwa. Anayekwenda kwa barabara, karibu kilomita 2,000 kupitia Kasumbalesa na Zambia hadi Tunduma na Dar, apange kwa mipaka miwili. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wameizoea njia hiyo, watoto hawajaizoea. Masharti ya viza yaulizeni ubalozini mwezi ule ule mnaosafiri, si kwa aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Hata mkishapita Dar, bandari ya Malindi kule Unguja ina uhamiaji wake. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo bei yake ya kawaida kwa mtu mzima ni dola 44. Bima uliyonunua kwingine haihesabiki badala yake. Lipeni kwa mtandao kabla ya kuondoka.

Halafu kadi ya manjano. Kwa sababu tunatoka nchi yenye homa ya manjano, sisi tunaulizwa kadi pale ambapo Mzungu aliyetoka Ulaya moja kwa moja haulizwi. Watu wengi hapa bado wanaamini inakwisha baada ya miaka kumi, na wanawachoma watoto sindano ya pili bure. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua chanjo moja kwa maisha yote, hata kama kadi ni ya zamani. Kinachowaangusha watu ni siku kumi: kadi inaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya chanjo. Ukichoma Jumatatu na kuondoka Alhamisi, huna kadi.

Malaria nayo inasemwa imekwisha Zanzibar. Imepungua sana, haijakwisha, kwa hiyo chandarua kibaki. Na mtoto akishikwa homa siku ya tano kisiwani, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka Kongo, kwa kuwa huenda malaria ameibeba kutoka hapa na daktari wa kule asiifikirie kwanza.

Pesa: franga zetu hazina mbadilishaji kule, na dola kuukuu au za miaka ya nyuma sana hukataliwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo nguo za watoto zifungieni kwenye vitambaa. Wakristo wanaouliza kama watapata misa: kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu liko katikati ya Mji Mkongwe, wenyeji wanaliita Minara Miwili. Mjini vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, mama na baba pia.

"Sisi ni Waswahili, lugha si tatizo"

Mke wangu alisimama soko la Darajani mbele ya mzee wa pweza akasema, "Nataka kuuza huyu." Mzee akamwangalia mikono, hana kitu. "Unauza nini, mama?" Kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa anauzisha. Kule kuuza ni kuuza. Walizunguka hivyo dakika nzima mpaka binti yetu, aliyesoma Kiswahili bora, akasema, "Mama anataka kununua." Mzee akaifunga ile pweza kwenye gazeti, akapunguza bei bila kuombwa.

Wafundisheni watoto mambo matatu kabla ya kuondoka. Mkubwa anaamkiwa "shikamoo", na ataitikia "marahaba". Ile "jambo" yetu ya heshima, kule ndiyo wanayowaambia watalii, nao watakujibu kama mtalii. Saa mbili asubuhi ni ile tunayoiita kwa Kifaransa saa nane, na tiketi ya boti huandikwa kwa namba za Kizungu, kwa hiyo thibitisheni kwa kusema zote mbili. Na anayetaka bukari aombe ugali, anayetaka sombe aombe kisamvu.

"Zanzibar ni ufuko wa Wazungu, watoto wetu watajifunza nini?"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Misafara ya pwani ndiyo iliyofika Bunkeya, kwetu Katanga, kwa mfalme Msiri kutafuta pembe, shaba na watu, hadi alipouawa Desemba 1891. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala Kasongo na kufanywa liwali wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887, alifia Unguja 1905, na nyumba yake iko Mji Mkongwe. Soko la watumwa pale Mkunazini lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa juu ya uwanja wake. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni.

Waongoza watalii wengine husema kisiwa cha Changuu kilikuwa gereza la watumwa. Gereza lilijengwa miaka ya 1890, baada ya soko kufungwa, na halikuwahi kufunga wafungwa. Liligeuzwa mahali pa kuwatenga wagonjwa. Nendeni Changuu kwa ajili ya kobe wakubwa ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa habari ya watumwa, nendeni Mkunazini, na mtoto awe amefika miaka kumi.

Kijana wangu mkubwa, wa miaka kumi na mbili, alisimama ukingoni mwa lile shimo muda mrefu. Halafu akamuuliza kiongozi wetu kama kulikuwa na watu wa Katanga pale. Kiongozi akamjibu kwamba walikuwepo wa Bara, wa Ziwa Nyasa na wa Kongo. Kijana akashuka ngazi mbili, akakaa, na sisi tukakaa naye mpaka aliposema twende.